Tupeane uzoefu: kuomba ufadhili wa uzamivu katika utafiti wa afya, sisi wa Lamu na Malindi

Mzamivu wa Langoni

Assalaam alaykum, na wote hamjambo. Leo mchana kijana mmoja wa Mkomani, aliyesajiliwa kwa shahada ya uzamivu, yaani PhD, katika afya ya jamii, ameniletea andiko lake la kuomba ufadhili ili nilisome kabla hajalituma. Amejaza kurasa juu ya matende na mabusha, aina za mbu, vijiji atakavyovifikia na hesabu ya sampuli, na yote ni mazuri. Lakini pale fomu inapomtaka aeleze yeye ni nani, amefika wapi katika elimu na anataka kufika wapi, ameandika mistari michache ya haya. Nikaona nisimjibu peke yangu. Humu tumo wengi tuliopita njia hiyo, waliopata na waliokosa, kwa hivyo naomba kila mmoja aseme lililompata. Tukilalamika, tusitaje majina ya watu wala ya vyuo, kwa sababu tunajuana.

Nianze na langu. Mtakumbuka kwamba mwaka 2018 Lamu Mashariki, pamoja na Jomvu kule Mombasa, ndiko wizara ilikoanza kugawa dawa tatu za matende kwa pamoja, yaani ivermectin, DEC na albendazole, badala ya mbili za zamani. Nilitaka kujua ni akina nani hawakuzimeza na kwa sababu gani. Hata waliolikataa andiko langu walikiri kwamba swali ni zuri. Barua yao ilisema kwamba mradi umeelezwa vyema, lakini haionekani mwombaji atajifunza jambo gani ambalo leo halijui. Hakuna aliyewahi kutueleza chuoni kwamba ufadhili wa aina hii hautafuti utafiti wa kuugharamia. Unatafuta mtu wa kumlea mpaka awe mtafiti, na utafiti wake ni njia ya malezi hayo. Nilipoliandika upya, nilieleza kwamba najua kuhoji watu lakini sijui uchambuzi wa takwimu za vijiji vilivyochaguliwa kwa makundi, nikataja nani atanifundisha, wapi na kwa muda gani. Swali la utafiti sikulibadilisha hata neno, na safari hiyo nilikubaliwa.

Mwana wa Ganda

Dada, umenikumbusha mambo ambayo nilikuwa nimeyafungia ndani. Nitasema kwa urefu, mnivumilie.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, mimi nilikuwa Malindi na maombi yangu yalikuwa yakifungwa katikati ya juma lile lile. Andiko lilikuwa tayari, bajeti ilikuwa tayari, na barua za wasimamizi zilikuwa zimeshaingia. Kilichobaki ni idhini ya chuo, kwa maana wafadhili wengi hawapokei maombi kutoka kwa mwanafunzi moja kwa moja: mwanafunzi hujaza, kisha ofisi ya utafiti ya chuo huingia kwa akaunti yake, hukagua bajeti, na kubonyeza kwamba imekubali kumpokea mtafiti huyu na kuzisimamia fedha zake. Bila ya hatua hiyo, andiko lako hubaki kwenye mfumo kama barua ambayo haikutiwa kwenye bahasha.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiutazama ukurasa ule ule ambao juu yake kulikuwa na maneno mekundu: "Linasubiri idhini ya taasisi." Nilipiga simu ofisini, nikaambiwa mhusika anajaribu kuingia lakini ukurasa haufunguki. Nikapiga tena, nikaambiwa ameenda kula. Nikapanda matatu mpaka Kilifi kwa rafiki yangu ambaye laini yake ilikuwa ikifanya kazi, nikidhani kwamba nikiwa na mtandao mzuri mimi mwenyewe nitafanya kitu, lakini nifanye nini na kitufe si changu? Muda wa mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni ya London, ambayo kwa mwezi wa Mei ni saa moja usiku kwetu. Magharibi iliponikuta bado maneno ni mekundu. Nikampigia yule mhusika nikamwomba kwa unyenyekevu azime mtandao wa ofisi na aingie kwa simu yake ya mkononi yenye laini ya kampuni nyingine. Akakubali, nami nikabaki naye kwenye simu, namsikia akipumua na kusoma herufi za nywila moja moja. Ukurasa ukafunguka, akabonyeza, na kwangu yale maneno yakageuka rangi kabla ya saa ile kugonga.

Sikuupata ufadhili ule. Niliupata mwingine baadaye. Lakini tangu siku hiyo namwambia kila mtu: tarehe ya mfadhili si tarehe yako. Tarehe yako ni ile ya ofisi ya chuo chako, na ni wajibu wako kwenda kuiuliza mapema, uandikiwe, uihifadhi.

Upepo wa Kusi

Ni kweli tupu. Idhini ya chuo imeangusha watu wengi kuliko maswali magumu.

Mkaazi wa Mambrui

Niongeze jambo kuhusu saa, maana wengi hawalijui. Uingereza na Ulaya hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Saa kumi na moja jioni ya London ni saa moja usiku kwetu wakati wa kiangazi chao na saa mbili usiku wakati wa baridi yao. Anayeomba Machi au Oktoba na aangalie siku yenyewe, asitegemee hesabu ya mwezi uliopita.

Mtu wa Maabara

Mimi nafanya kazi Kilifi, na nimesoma maandiko mengi ya wanafunzi kabla hayajatumwa. Nataka kuzungumzia sehemu moja tu, nayo ni ile ya vikwazo na njia mbadala, ambayo wanafunzi huiandika mwisho, wakiwa wamechoka, kwa sentensi mbili.

Chukueni hayo matende ya ndugu Mzamivu. Vijidudu vichanga vya mnyoo wa matende hujitokeza kwenye damu ya juu wakati wa usiku, kwa hivyo anayetaka kuvihesabu kwa darubini lazima achukue damu takriban kati ya saa nne na saa nane usiku. Mpitiaji, yaani mtaalamu anayelipima andiko kwa niaba ya mfadhili, aliyeko Geneva au Liverpool anaijua biolojia hiyo vizuri kuliko sisi. Asichokijua ni utaingiaje nyumbani kwa watu Kizingitini au Ndau saa sita za usiku, nani atafungua mlango, na mwanamke ambaye mumewe yuko baharini atatolewa damu na nani. Nilimsaidia mwanafunzi mmoja kuliandika jambo hilo kwa ukamilifu: mchana watu wote wapimwe kwa kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole, ambacho hutafuta antijeni, yaani chembe zinazotoka kwa mnyoo, na hufanya kazi saa yoyote, usiku warudiwe wale tu walioonekana kuwa nao, kila kikosi kiwe na mwanamke na mhamasishaji wa afya wa kijiji kile kile, na kabla ya yote, wazee na imamu wa msikiti wawe wameelezwa. Kisha akaongeza kwamba mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa marufuku ya kutembea usiku, na akaeleza kwamba likitokea jambo kama hilo utafiti utaendelea na kipimo cha mchana peke yake, na ni lengo gani litakalopungua nguvu kwa sababu hiyo. Wapitiaji waliisifu sehemu ile kwa maneno yao wenyewe. Waliona kwamba huyu anapajua anapokwenda.

Kijana wa Shela

Shukrani, Mtu wa Maabara. Ila kwa uzoefu wangu wapitiaji wanataka kusikia hali mbaya. Ukieleza kwamba watu wako wanajiweza na wana akili zao, wataona hapana haja ya fedha. Andika umaskini, andika ujinga, andika hospitali iko mbali, utapata.

Mama wa Faza

Mwanangu, hilo sikubaliani nalo kabisa. Mimi ni muuguzi, na nimewapokea watafiti wengi pale kituoni. Wale wanaotuandika kama watu wasiojua chochote hushangaa wanapokuta wanawake wakikataa kuhojiwa. Andika shida iliyopo kwa kiasi chake. Kama safari kutoka Faza kwenda hospitali kubwa ya Lamu mjini ni ya bahari, na wakati wa kusi kuna siku ambazo boti haliondoki, liseme hivyo hivyo, maana ni kweli na linatosha. Neno "ujinga" liache. Andiko hilo siku moja litasomwa na mtoto wa mtu uliyemwandika.

Kijana wa Shela

Nimekusikia, mama yangu. Nililoliona mimi ni kwamba walionipa fedha walizitoa kwa andiko lililokuwa na maneno makali. Lakini hilo la kusomwa na watoto wa wenyewe sikuwa nimelifikiria, nitalizingatia.

Mwamu wa Ng'ambo

Mimi nasoma Marekani, mzaliwa wa Mkomani. Nawaombeni, kabla hamjaandika hata sentensi moja, someni kifungu cha nani anaruhusiwa kuomba. Mwaka wangu wa kwanza kila mtu idarani alikuwa akizungumzia ufadhili wa NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, uitwao F31, nami nikaanza kujiandaa, mpaka msimamizi wangu aliponionyesha kwamba ni wa raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu tu. Mwanafunzi wa visa hana njia pale, hata awe bora namna gani.

Pamoja na hayo, nawashauri mwangalie muundo wake, kwa sababu unafundisha. Malengo mahususi yote yanapewa ukurasa mmoja. Mkakati wa utafiti unapewa kurasa sita. Zinahitajika barua 3 hadi 5 za watu wanaomjua mwombaji. Na kwa maombi ya kuanzia tarehe 25 Januari 2025 wapitiaji wanapima mambo matatu: maandalizi na uwezo wa mwombaji, mpango wa mafunzo ya utafiti, na jinsi wasimamizi na taasisi walivyojitolea kumlea mwombaji. Hebu yatazameni hayo matatu. Mawili kati yake yanamhusu mtu, na moja ndilo linalouhusu mradi. Aliyosema dada Mzamivu hapo juu ndiyo haya haya, yamewekwa kwenye kanuni.

Jambo jingine ni kwamba anayekataliwa pale anaruhusiwa kurudi, na anapewa ukurasa mmoja wa kuwajibu wapitiaji: hili nimelikubali na nimelibadilisha hivi, hili silikubali kwa sababu hizi. Ukurasa huo nauandika hata ninapoomba kwa wafadhili wasioutaka, kwa faida yangu mwenyewe.

Upepo wa Kusi

Na wanaotegemea kushirikiana na vyuo vya Marekani wajue kwamba tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kuwa ruzuku zenye mgao wa kupitishwa kwa taasisi za nchi za nje hazitatolewa mpaka uwekwe mfumo mpya wa kuzifuatilia. Usiijenge digrii yako yote juu ya mgao wa mradi wa mtu mwingine.

Kijana wa Shela

Nina swali kuhusu barua za mapendekezo. Msimamizi wangu ameniambia niiandike mwenyewe, yeye ataisoma na kutia sahihi. Wenzangu wote wanafanya hivyo. Niiandikeje ili isionekane ni yangu?

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, usiiandike. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi na nimeketi kwenye kamati za kuchagua. Barua ambayo mwanafunzi amejiandikia hujulikana, kwa sababu mwanafunzi hujisifu kwa mambo ya jumla: ana bidii, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake. Msimamizi wa kweli husema mambo ambayo mwanafunzi hayajui juu yake mwenyewe. Na zaidi ya hayo, ni uongo uliowekwa sahihi.

Kijana wa Shela

Mwalimu, kwa heshima zote, msimamizi ana wanafunzi wengi na barua inatakiwa wiki hii. Nikikataa kuiandika, hakuna barua. Je, nikose ufadhili kwa ajili ya usafi wa barua?

Mwana wa Ganda

Namuunga mkono kijana. Tuseme ukweli wa mambo yalivyo.

Mwalimu Mstaafu

Mambo kuwa yalivyo si hoja. Mnaingia katika utafiti wa afya, mtashika majibu ya damu za watu. Mnataka kuanza na barua ya kughushi?

Mtu wa Maabara

Pana njia ya katikati. Mwandikie msimamizi ukurasa wa kumbukumbu: lini mlianza kufanya kazi pamoja, ni uchambuzi gani ulioufanya peke yako, ni tatizo gani lililotokea maabara na ulilitatuaje, mfadhili huyu anapima vigezo vipi. Huo ni ukurasa wa mambo yaliyotendeka, hauna sifa hata moja. Sifa atie mwenyewe. Akiwa na ukurasa huo mbele yake, barua humchukua muda mfupi tu, na nimeona wasimamizi wazito wakiandika siku hiyo hiyo.

Bint Siyu

Nilikuwa nasoma kimya, lakini haya ya wasimamizi na sahihi zao yamenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi. Nitaeleza, na nitashika sharti la kutotaja.

Mada yangu ilikuwa chumvi katika maji ya visima vya kisiwa cha Pate na shinikizo la damu la wanawake wajawazito. Jambo hilo limechunguzwa pwani ya Bangladesh, ambako maji ya kunywa yenye chumvi yamehusishwa na shinikizo la damu la ujauzito, nami nikajiuliza kuhusu mama zetu wanaokunywa maji ya visima vinavyobadilika ladha msimu hadi msimu. Nilizunguka Siyu, Pate na Faza na kipimo cha mkononi cha chumvi, nikachora ramani ya visima. Visima vingi havina jina rasmi, kwa hivyo niliandika majina wanayoyatumia wanawake wenyewe. Na kimoja ambacho wanawake hawakukubaliana jina lake nikakiita Kisima cha Bibi Mkubwa, kwa heshima ya nyanya yangu, kwa sababu kiko nyuma ya nyumba aliyozaliwa.

Andiko lote, pamoja na ramani, nilimpa msimamizi wangu alitilie sahihi. Akasema bado, rekebisha utangulizi. Nikarekebisha. Akasema bado, bajeti ni kubwa. Nikapunguza. Akasafiri. Akarudi, akasema atalisoma wikendi. Dirisha la maombi likafungwa nikiwa nje ya mlango wa ofisi yake na karatasi mkononi.

Mwaka uliofuata nilihudhuria mkutano wa wanafunzi wa uzamivu Nairobi. Akasimama mwanafunzi wa kiume, aliyekuwa chini ya msimamizi huyo huyo, akaeleza mradi wake ambao alikuwa amepata ufadhili. Kichwa cha mada kilikuwa kimegeuzwa kidogo. Nikajiambia ni sadfa, kwa kuwa chumvi na shinikizo la damu si mali yangu. Kisha akaweka ramani. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama, nikasogea mbele, nikasoma. Juu ya ramani ile, upande wa kaskazini wa Siyu, paliandikwa Kisima cha Bibi Mkubwa. Jina hilo halipo katika ramani yoyote duniani isipokuwa ile niliyoichora mimi.

Mkaazi wa Mambrui

Subhanallah.

Mwana wa Ganda

Hata sijui niseme nini, dada yangu. Pole sana.

Kijana wa Shela

Sharti la kutotaja majina lina maana gani hapa? Mtu kama huyu bado anasimamia wanafunzi, pengine mimi ni mmoja wao. Atajwe.

Mwalimu Mstaafu

Asitajwe. Kumtaja bila ya uamuzi wa kamati kutamfanya mlalamikaji awe mshtakiwa. Kuna taratibu za chuo na za kamati za maadili, na zinataka ushahidi ulioandikwa.

Kijana wa Shela

Mwalimu, taratibu hizo zinamlinda nani? Waliokaa kwenye kamati ni wenzake.

Mama wa Faza

Na yule kijana aliyesimama mbele ya watu na kazi ya mwenzake, yeye hakuona haya?

Mzamivu wa Langoni

Naomba tutulie. Sharti nililoliweka linabaki. Bint Siyu, ukiwa tayari, tueleze ulifanya nini baada ya pale, kwa sababu hilo ndilo litakalomsaidia mwingine.

Bint Siyu

Nimerudi. Kwanza, mama, yule kijana hakuwa na kosa. Alinifuata baada ya mkutano kuniuliza nimeijuaje Siyu, nikamwambia Bibi Mkubwa ni nyanya yangu. Uso wake ulibadilika kabisa. Alikuwa amepewa lile andiko na kuambiwa ni kazi ya zamani ya idara iliyokosa mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika barua kwa chuo, kabla yangu.

Mimi nilikuwa na jambo moja lililoniokoa. Kila nilipomaliza rasimu nilikuwa nikimtumia msimamizi kwa barua pepe, na nakala kwa msimamizi wa pili, aliyekuwa wa idara nyingine. Kwa hivyo ramani ilikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa mikononi mwa watu watatu. Nilizichapisha zote, nikaziambatanisha na malalamiko ya ukurasa mmoja usiokuwa na neno la hasira, nikaupeleka kwa ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu. Ilichukua muda mrefu. Nilipewa msimamizi mwingine, na jina langu likawekwa kwenye ramani katika kazi ya yule kijana. Msamaha sikuombwa. Baadaye niliomba ufadhili kwa swali jingine, la kuwafuatilia mama hao hao mpaka baada ya kujifungua, na nikaupata.

Kwa hivyo, Kijana wa Shela, swali lako la barua ni dogo kuliko hili: je, una msimamizi wa pili asiyekuwa chini ya wa kwanza? Kama huna, mtafute kabla ya kutafuta fedha.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, umefanya kwa ustahimilivu mkubwa. Nakiri pia kwamba kijana ana haki aliposema wanakamati ni wenzake, nimeyaona hayo. Ndiyo sababu nasisitiza maandishi. Kamati inaweza kumpuuza mtu, lakini barua pepe yenye tarehe na kiambatanisho ni vigumu kuipuuza.

Mkaazi wa Mambrui

Niulize jambo la kawaida kidogo. Kwa mtu aliye Pwani, ni wapi hasa pa kuomba? Nimeshauriwa niombe kila tangazo ninaloliona.

Upepo wa Kusi

DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa kusomea hapa hapa nchini au katika kanda, lakini wanaangalia shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6, kwa hivyo usikae sana baada ya uzamili. CARTA, mpango wa kuwalea watafiti wa Afrika unaoongozwa na kituo cha utafiti wa afya cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ni kwa waajiriwa wa taasisi wanachama. Kwa Kenya vyuo vyake ni Nairobi na Moi, kwa hivyo asiyeajiriwa huko asijisumbue. Programu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, mfadhili wa Uingereza, pale Kilifi, iliyopo tangu mwaka 1989, hulea wanafunzi wa uzamivu, na wengi wao husajiliwa Open University ya Uingereza. Omba kote unakostahili.

Mtu wa Maabara

Mimi nashauri kinyume. Omba mahali pamoja au pawili kwa mwaka, uandike vizuri. Andiko linalotumwa kila mahali hujulikana, kwa sababu halimjibu mfadhili yeyote. Mmoja anataka uongozi, mwingine anataka sera, mwingine anataka sayansi ya msingi, na wewe umewatumia wote ukurasa mmoja.

Mama wa Faza

Wote mna haki. Mwenye mshahara na asubiri aandike vizuri. Asiye na mshahara atasubiri akila nini?

Mwana wa Ganda

Kuhusu ratiba, msisahau vibali. Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha ujulishe kaunti, yaani kamishna, elimu na afya. Leseni ya NACOSTI haitoki bila ya cheti cha maadili, kwa hivyo hatua hizi hazifanyiki kwa pamoja. Anayeandika kwamba ataanza kukusanya data mwezi wa kwanza baada ya kupata fedha, mpitiaji wa Kenya atajua kwamba hajawahi kufanya hivyo.

Na bajeti ihesabuni kwa shilingi kwanza, kisha mgeuze kuwa dola au pauni, na mwandike tarehe na kiwango mlichotumia. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Aliyepewa dola 10,000 alianza na takriban shilingi 1,600,000, akajikuta na takriban 1,300,000, wakati mafuta ya boti na posho za wahamasishaji zililipwa kwa shilingi zile zile. Wafadhili wengine huruhusu akiba ya mabadiliko hayo, lakini lazima uiombe mwanzoni.

Mkaazi wa Mambrui

Na hizo safari za boti, kaka, mhasibu wa mfadhili anazikubali? Nahodha hana kitabu cha risiti.

Mwana wa Ganda

Anazikubali ukijipanga. Kwenye bajeti tenganisha kukodi boti kwa siku na mafuta, usiandike "usafiri" kwa jumla. Kisha chapisha hati zako za malipo zenye nafasi ya tarehe, safari ilikotoka na ilikokwenda, jina la nahodha, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi yake. Mlipe kwa M-Pesa, si kwa noti, ili ujumbe wa malipo uende pamoja na hati. Mafuta yanunue mwenyewe Mokowe au mjini, uchukue risiti ya kituo. Mtumie mhasibu wa chuo mfano wa hati hiyo kabla ya kuituma bajeti, akuandikie kwamba ameikubali.

Mkaazi wa Mambrui

Nimeelewa. Kesho nitaiandaa, niiweke hapa mnisaidie kuikagua.